Riwaya ya Kiingereza cha zamani ilivyonipeleka kwenye usaili wa kutembeza wageni Tabora

Wakuu, habari za mchana. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Sipunguzi kitu, hata pale nilipojiaibisha.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Isevya hapa Tabora. Mwaka juzi nikasikia kuna kampuni ndogo itaajiri watu wa kutembeza wageni kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita mapagazi na pembe za ndovu kwenda pwani.

Niliitaka ile kazi mpaka nikawa silali vizuri. Historia yenyewe nimekua naisikia nyumbani. Shida Kiingereza. Form four nilipata D, na nadhani msahihishaji alinionea huruma tu.

Nikaona dawa ni kusoma. Mnadani nikapata riwaya nene ya Kiingereza, classic kabisa, watu wanapanda magari ya farasi na kuandikiana barua ndefu. Jina silitaji, mtaanza kubishana humu.

Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku tatu. Sitanii.

Kila neno gumu naliandika kwa chaki ya fundi juu ya meza ya cherehani, nalitumia kutwa nzima, jioni nafuta. Exquisite. Melancholy. Henceforth. Weary. Mume wangu akirudi namwambia "I am exceedingly delighted", ananiuliza kama nimekula.

Mama mmoja alikuja kujaribu gauni lake. Nikamwambia, "Mama, your attire is exquisite!" Yaani limempendeza mno.

Akaligeuza mbele na nyuma. "Mwanangu, kama umeliharibu sema tu, tutaongea."

Miezi saba nikaimaliza. Hapo naringa, mtaani hapanitoshi.

Siku ya usaili nikawakuta wawili, dada wa ofisini na baba mmoja mwenye kampuni. Wakaniambia nijieleze kwa Kiingereza. Weee! Nikafungulia: "It is with profound gratitude and exceeding felicity that I henceforth..." Nilikwenda kama dakika tano. Yule dada alishaacha kuandika, ananitazama tu.

Baba akanikatiza kwa Kiswahili. "Wewe Mnyamwezi?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Mimi Mzaramo."

Nikajua nimekwisha. Hao ni watani zetu tangu enzi hizo hizo za misafara, na hawana dogo.

"Tunawajua nyie kwa kubeba," akasema, "lakini huu mzigo wa maneno umeutoa wapi peke yako? Tua dada, tua! Utavunjika shingo."

Nikacheka mpaka machozi. Nikamrudishia, "Na nyie kazi yenu ilikuwa kutusubiri pwani mmekaa!" Dada wa watu akainama mezani kwa kicheko. Hofu yote ikaniisha.

Akasema, "Haya. Kwenu kuna aliyebeba?"

"Yupo."

"Nisimulie kama mimi ndiye mgeni wako."

Nikamwambia taratibu: "My grandfather's grandfather carried ivory on this road. His young brother walked behind him. One day the brother was weary. He sat down. The others could not stop."

Yaani mdogo wake alikaa chini njiani, na wenzake hawakuruhusiwa kumsubiri. Nimeisikia hiyo hadithi tangu mdogo, lakini pale niliisikia upya. Yule baba naye hakuwa anacheka tena. Akauliza kwa upole, "Alirudi kumtafuta?" Nikasema alirudi, hakumkuta.

Kazi nilipata wakuu. Cherehani nashona wikiendi tu.

Nimelifikiria sana. Maneno yote niliyotumia kwenye hadithi ile nilikuwa nayajua tangu zamani, isipokuwa weary. Tired ninakuwa hata mimi nikimaliza sare za shule. Weary nililikuta kwenye riwaya, kwa mtu aliyechoka mpaka hataki tena kuinuka. Miezi saba, neno moja, na wala sijutii.

Kwa hiyo someni vitabu vigumu jamani, jazeni kichwa. Ila ukiwa mbele ya mtu, toa lile neno unalolihitaji, mengine yaache yapumzike.

Nyie Kiingereza mlikipataje? Na kama kwenye ukoo wenu yupo aliyepita njia ile na hakurudi, mwandike hapa chini, kwa maneno ya kawaida tu. Nitasoma wote.