Masta ya Fausta

Fausta alirudi Ifakara baada ya mama yake, Bi Evelina, kupooza upande mmoja. Dar es Salaam alikuwa akifundisha chuoni na kuandika programu za kompyuta kwa ajili ya benki. Alijua mshahara wa huku hautafanana na wa kule, na hilo alikuwa ameshalimeza. Hakujua kwamba masta yake, shahada ya pili, ingemfungia milango.

Kiwanda kimoja cha kukoboa mpunga kilimkataa. "Dada, umesoma mno. Utakaa kidogo tu, halafu utuache." Mradi wa utafiti wa mbu ukamwambia hayohayo kwa maneno laini. Kule Lumemo, meneja wa chama cha wakulima alisoma wasifu wake akacheka. "Sasa mtu kama wewe mimi nitamwelekeza nini?"

Basi kampuni ndogo iliyotengeneza mfumo wa kuuza mchele kwa simu ilipotangaza nafasi, Fausta akaifuta masta kwenye wasifu. Ualimu nao akaufuta. Wakamwita.

Alipoingia kwenye usaili, kijana mmoja upande wa pili wa meza akasimama.

"Madam Fausta! Shikamoo!"

Alikuwa Lukelo, mwanafunzi wake wa zamani.

"Marahaba," Fausta akaitikia.

Dorotea, mkuu wa kampuni, akapekua karatasi. "Madam wa wapi? Hapa sioni ualimu."

Lukelo, kwa nia njema kabisa, akaeleza yote, masta ikiwemo.

"Kumbe unatuficha!" Dorotea akasema.

Hapo uvumilivu ukamwishia. "Nikisema nimesoma, mnaniogopa. Nikinyamaza, mwongo. Mnataka elimu nikairudishe chuoni? Mama yangu hawezi kujigeuza kitandani. Nitamwacha niende wapi?"

Dorotea akaziweka karatasi mezani. "Hilo ndilo ungetuandikia," akasema, sauti imepoa.

Walimchukua kwa majaribio, chini ya Lukelo. Lakini Lukelo anaona haya kumtuma mwalimu wake. Kila asubuhi anamwamkia, kisha anarudi mezani kuhangaika peke yake na kazi ya watu wawili. Juzi Fausta akamfuata.

"Lukelo, mwanangu, heshima nimeipokea. Sasa nipe kazi."

Lukelo akajikuna shingo. "Samahani, madam. Ipo moja... printa imegoma."

Mchana, Fausta alipopita nyumbani kumnywesha mama yake uji, Bi Evelina akauliza kwa ulimi mzito, "Leo wamekupa kazi?"

"Wamenipa, mama," Fausta akajibu, akisonya. "Nimetengeneza printa."