Hodi ya Kasiani

Kasiani alipoambiwa kwamba watu wa sinema wanatafuta mtu wa kuigiza mshamba, hakuuliza atavaa nini. Aliuliza picha itaonyeshwa wapi. Wakamjibu kila mahali. Gari la sinema litaifikisha hata Newala. Hapo akakubali.

Alikuwa na sababu yake. Tangu aache kurina asali kwenye mapori ya kwao na kuja kulinda karakana Chang'ombe, maneno yalianza huko nyumbani. Mama mkwe wake, Bibi Demetria, alisema wazi kwamba mji umemmeza mwanamume yule, na Yuliana, mkewe, hawezi kukaa akimngoja mtu aliyemezwa. Wapo waliokwisha kuanza kumposa. Salamu alizotuma kwa wasafiri bibi hakuzithamini; maneno hayana sura. Picha ina sura.

Kazi ilifanyika kwenye nyumba moja Kinondoni. Mwongoza picha, kijana wa Bukoba aitwaye Audax, akaeleza: mtu wa porini anamfuata nduguye mjini, anasukuma mlango, anaingia na upinde wake mpaka sebuleni, mama mwenye nyumba anapiga kelele. Nyepesi kama kumsukuma mlevi.

Kamera ikaanza. Kasiani akafika mlangoni, akasimama, akasema, "Hodi."

Ndani alikuwamo Felicitas, karani aliyeazimwa aigize mama mwenye nyumba. Akaitikia, "Karibu," halafu akajiziba mdomo.

Wakarudia. Safari hii Kasiani alikwenda amekaza meno. Mkono ukasukuma mlango, mdomo ukapiga hodi. Felicitas naye akakaribisha. Audax akamgombeza, Felicitas akamwambia yeye kalelewa, mtu akibisha hodi kelele haimtoki. Mshika kamera aligeukia ukutani, mabega yakimcheza.

Audax akamvuta Kasiani kando.

"Ndugu Kasiani, mshamba hajui hodi. Kichekesho chenyewe ndicho hicho."

"Mshamba wa wapi huyo? Kwetu anayeingia kimya ni mwizi au mchawi. Watu wa kuingia tu na kuulizia chai nimewaona hapa hapa mjini."

"Lakini huu ni mchezo tu, ndugu yangu."

"Mama mkwe wangu hajui mchezo. Anajua mlango."

Audax akasema basi, wenye chale usoni kama zake wako wengi Temeke nzima, atachukua mwingine. Kasiani hakugomba. Alikuwa amebadilishana asali kwa chumvi na kaniki tangu ujana, na alijua kwamba anayekataa bei lazima aweke yake mezani. Akauliza, taratibu, kama wanataka aingie bila hodi au wanataka watu wacheke. Audax akakiri kwamba wanataka watu wacheke.

"Basi niachie hodi yangu, kicheko nikupe."

Akaomba kamera imfuate jikoni. Kulikuwa na friji kubwa jeupe. Kasiani akavua kofia, akaligonga kwa adabu, akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Akafungua kidogo, taa ikawaka ndani, naye akarudi nyuma ameinamisha kichwa.

"Kumbe wenyewe hamjalala. Niwieni radhi," akasema, akaufunga mlango polepole.

Felicitas alicheka mpaka akakaa sakafuni. Audax hakujua kwamba karakana ya Chang'ombe ilitengeneza mafriji, na kwamba taa ile Kasiani alikuwa akiitazama kila siku. Hakuuliza pia. Alisema tu waipige tena vile vile, na kule mlangoni hodi ibaki.

Masika yakapita. Albano, binamu yake Kasiani, akaja kutoka Newala, na kabla hajatua mzigo akaulizwa mama mkwe kasema nini. Akaeleza kwamba bibi alikaa mbele kabisa ya kitambaa cha sinema. Wengine walipiga vigelegele, yeye katulia. Ilipopigwa hodi ya mlangoni akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuza akaridhika. Wale waposaji aliwarudisha kwao kesho yake.

"Anasema umekonda, ila adabu unayo," Albano akamaliza. "Ukamchukue mkeo mwenyewe, usitume mtu. Na lile kabati lenye watu ndani usije ukamwekea binti yake."

Kasiani akayapima masharti. La kwanza halikuwa zito, na la pili hata angetaka kulivunja asingeweza, kwa mshahara wa mlinzi. Asubuhi akamfuata msimamizi wa karakana kuomba ruhusa ya safari. Msimamizi akamwambia asubiri mwisho wa mwezi. Kasiani akavuta kiti, akakaa mbele yake, wakaanza kupatana.