Kopo Ndani ya Buti la Shemeji

Dada yangu alikuja Manzese asubuhi bila kupiga simu, na kopo jeupe la vidonge amelifunga kwenye ncha ya mtandio. Alikuwa amelikuta kwake Temeke, ndani ya buti la kazi la mumewe. Shemeji ni fundi wa injini melini. Hukaa baharini miezi tisa, nyumbani miwili au mitatu. Zilikuwa zimebaki siku tatu aondoke tena.

"Wewe si ndo umesoma," akaniambia. "Haya, nisomee."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na kazi yangu kubwa ilikuwa kubisha. Nilibisha mahubiri ya redioni, nilimbishia daktari aliyempa mama dawa za presha. Kopo lile sikulibisha. Niliandika kwenye simu majina mawili ya dawa, nikasoma mistari minne ya mwanzo, nikamwambia: ni ARV, za wenye virusi.

Hakulia. Aliniuliza choo kiko wapi, kwenye nyumba aliyokulia. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Kwa hiyo mie nimeshakufa?"

"Siku hizi mtu hafi kwa hilo, dada, akinywa dawa."

"Sijakuuliza wa siku hizi. Nimeuliza mie."

Tukaenda zahanati kwa miguu. Yeye alikaa kwenye benchi, mimi sikuweza. Nilizunguka nikisoma mabango ukutani na kuyatafutia kasoro. Kwenye bango la kupima virusi, baharia alichorwa amevaa kofia nyeupe ya nahodha, kana kwamba wanaolainisha mitambo kule chini hawana damu. Nilikuwa napanga barua ya malalamiko kichwani ili nisifikirie kidole cha dada kilichokuwa kimeshatobolewa.

Hakuwa na virusi. Muuguzi alimwambia arudi kupima tena baadaye, kwa uhakika. Ndipo dada akafungua mtandio akampa kopo. Muuguzi akasoma, akatutazama.

"Nani kawaambia mwenye hili anaumwa?"

Dada akaninyooshea kidole. "Msomi wetu."

Muuguzi alieleza taratibu, kama mtu aliyezoea kuwaeleza wasomi. Mgonjwa hapewi hizo mbili peke yake, huongezewa ya tatu. Hizo mbili zenyewe ni dawa kinga: anapewa mtu aliyepimwa akaonekana hana virusi, azinywe asije akavipata.

Nilidhani yameisha. Kumbe dada ndiyo kwanza anaanza. Alitoka pale kwa kasi, nikawa namfukuzia.

"Mzima anajikinga na nini?"

"Na ugonjwa."

"Na nani, nimekuuliza."

Safari hii sikutoa simu mfukoni.

Temeke tulimkuta shemeji sebuleni anakunja ovaroli. Nikamwamkia. "Marahaba, profesa," akasema, halafu akaona dada ameliweka kopo mezani, akaacha kukunja.

"Umeanza lini?" dada akauliza.

"Safari iliyopita."

"Na mie ulikuwaga unaniambia unaenda kazini."

"Kazi nafanya, mama." Alikaa. "Meli inasubiri zamu bandarini wiki mbili. Watu wanashuka. Nilishuka nao mara mbili. Halafu nikaogopa nitakuletea. Nikapima, nikaambiwa sina, nikapewa hizo."

"Umeogopa ugonjwa. Mie hukuniogopa."

Shemeji alinyakua kopo, akaelekea mlango wa uani kwenye pipa la taka. "Natupa. Wallahi natupa sasa hivi, na sirudii."

Nakiri niliona ana hoja. Kama harudii, vidonge vya nini? Dada alimwahi mlangoni.

"Lete hapa."

"Si nimeapa?"

"Kiapo chako nitakipimia wapi?" Alimpokonya kopo, akalisukuma mwenyewe kwenye begi, katikati ya mashati. "Utakunywa kama walivyokuelekeza. Na ukirudi tunaenda kupima wote, kabla hujaingia chumbani kwangu."

"Chumbani kwako?"

"Kwangu."

Shemeji alinitazama kuomba msaada. Nami, niliyekuwa na jibu la kila kitu asubuhi ile, nilijifanya naangalia ovaroli.

Aliondoka siku ya tatu. Dada hakumsindikiza, begi nililibeba mimi. Sasa simu ya kutoka melini ikiita, dada huipokea, na kabla ya salamu huuliza, "Umekunywa?" Nikiwa karibu nasikia upande wa pili ukijibu haraka haraka, kama mtoto wa shule. Halafu wanaongea mambo ya bomba la maji na ada za watoto.

Juzi nilimuuliza kama amemsamehe, au anamlinda tu. Alisema hajui, na nisimharakishe. Meli bado iko mbali, ataamua kabla haijarudi.