Bonde Lisiloshika Redio

Nyamu alikuwa na kipaji kimoja kilichoipendeza Serikali: jenereta ilimtii. Mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, alipewa kutunza kituo cha redio ya polisi juu ya kilima kati ya Meru na Embu.

Afisa alimfafanulia kazi hiyo kwa subira ya mtu anayezungumza na ng'ombe. Mawimbi haya huenda moja kwa moja kama jicho; kilima yakikikuta, hayapindi. Meru haiioni Embu. Basi mlingoti wa kilimani huyapokea yakiwa hoi, mtambo ukayatia nguvu upya, kisha ukayarusha mbele. Jenereta ikizimika, Meru inaongea peke yake kama mlevi.

Nyamu alielewa, na akaongeza la kwake: bonde lililo nyuma ya kilima halishiki redio kabisa. Akaliona ni neema.

Siku moja binti yake Karambu, mwenye ruhusa ya kumletea chakula, alifika na mtoto mgongoni akiwaka homa. Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya bonde hilo, na kutoka kijijini kulikatazwa mchana na usiku.

"Mama," Nyamu alimwambia, maana binti alibeba jina la nyanya yake, mamake Nyamu, "pale kwenye kizuizi cha barabarani watauliza kwenye redio mpaka mtoto akufie. Pita bondeni. Huko hawawezi kuita mtu."

"Na wakinikuta, baba?"

"Watamwambia nani?"

Hesabu ilikuwa safi, ila ilipungukiwa na kitu kimoja. Askari wa kizuizi cha barabarani walitakiwa kuuliza kabla ya kufyatua, kwa kuwa walikuwa na wa kumuuliza. Doria ya bondeni ilipewa ruhusa ya kufyatua mapema, kabla haijashuka.

Bunduki zilisikika alasiri. Baadaye Sajini Kivuti, mkuu wa doria hiyo, akapanda na watu wake hadi kituoni, maana ripoti isingetoka kwingine. Alisema wameua magaidi wawili. Nyamu akauliza walikuwa wa namna gani.

"Mmoja alikuwa mgongoni mwa mwenzake," Kivuti alisema. "Washa mtambo, mzee. Embu wanangoja."

Nyamu akamimina petroli, akavuta kamba. Embu ikajibu kwamba inasikia vizuri sana, ikauliza majina. Kivuti akasema hayajulikani.

"Yanajulikana," Nyamu alisema, akayataja.

Sajini akayarusha jinsi alivyopewa, pamoja na jina la baba. Embu ikayaandika chini ya neno lilelile, magaidi, kisha ikaagiza kwamba mzazi wa magaidi asiachiwe mtambo wa Serikali. Akamatwe hapo alipo.

Agizo lilifika bila mkwaruzo.