Mtu Aliyenifuata Barabara ya Bwera

Siku za soko natoka Hamukungu kwa baiskeli na samaki wakavu kabla jua halijapanda, na mpaka leo, nikifika pale ambapo lami imeliwa pembeni, masikio yangu hutafuta sauti ya mtu nyuma yangu. Sauti hiyo ilinizoesha vibaya. Siku hizi nasikia upepo na mnyororo wangu tu.

Samaki wakifungwa vizuri kwenye keria, mzigo hupanda mpaka usawa wa mabega. Ukigeuza kichwa unaona magunia. Ndiyo maana wabeba mizigo wa njia hii huenda wawili wawili. Wa mbele hubeba mzigo mrefu, wa nyuma mfupi, na wa nyuma ndiye anayesikiliza. Akisikia gari, anageuka, anaangalia ukubwa wake, kisha anaita. Wa mbele anashuka kwenye changarawe kwanza. Kushuka si mchezo, kwa sababu lami imeacha ngazi, na baiskeli yenye mzigo hutaka kulala. Wa nyuma habanduki barabarani mpaka amwone mwenzake chini na salama. Akitangulia kushuka atakuwa anapigana na baiskeli yake mwenyewe, na hataweza kuita tena.

Mwenzangu alikuwa mtu wa upande wa pili wa mpaka. Tulikutana Kikorongo, kila mmoja akiziba pancha yake, na kabla gundi haijakauka nilikuwa nimemuuliza habari za barabara za kule, za bei ya kahawa, na kwa nini amepaka pedeli rangi ya bluu.

"Weye uko na maulizo kama mupelelezi," alisema.

"Niliacha shule mapema. Nayamaliza sasa."

"Basi mimi ndiye mwalimu. Shika hii pampu."

Mimi si mtu wa kukaa. Nimebeba mawe Bulembia, nimechuma kahawa Mahango, nimelinda maduka Kasese mjini, na kila kazi niliiacha asubuhi moja bila kugombana na mtu, kwa hamu tu ya kuona kilichoko mbele. Hii ya samaki sikuiacha. Nadhani ni kwa ajili ya mwenzangu huyo. Aliimba nyimbo za kanisa kwa lugha ya kwao, na tukipanda mlima alibadilisha maneno akaniingiza mimi humo, mimi na mapaja yangu membamba. Sikuelewa yote. Nilielewa pale alipocheka.

Simu niliinunua Bwera, iliyokwisha kutumika, kioo kikiwa na ufa. Nikaifunga nyuma ya magunia kwa mpira wa tyubu, jicho lake likitazama tulikotoka. Nilitaka tu kujua nyuma yangu kuna nini siku nzima. Jioni tulikuwa tunakaa na kuangalia, kisha nafuta nipate nafasi ya kesho.

"Unafilimu barabara yenye tumeshaimaliza?" aliniuliza mara ya kwanza. Lakini aliangalia mpaka mwisho. Kuna nyani walivuka, kuna mvua ilikuwa inatufuata bila kutufikia, na yeye katikati akikanyaga, mdomo wazi, akiimba.

Madereva hawakuipenda. Pale Kinyamaseke mmoja wa gari dogo alisimama mbele yangu akashuka.

"Nani amekupa ruhusa ya kunipiga picha?"

"Sikupigi wewe, mzee. Napiga barabara."

"Barabara ya mama yako?"

"Ya mama yangu na ya mama yako. Ndiyo maana tunagawana."

Wauza mahindi walicheka, naye akaondoka akitutilia vumbi. Tangu hapo wengine walianza kutupisha kwa adabu wakiiona simu, na wengine walitukaribia makusudi, honi sikioni, waone kama tutaanguka kwenye picha. Nasi hatukuwa malaika. Nimewaona wenzetu wakienda watatu sambamba wakipiga soga, na gizani bila taa, kisha wanalalamika.

Siku ile ilikuwa alasiri, karibu tufike Bwera. Nilisikia mwenzangu akiita, "Kamio, ndugu. Shuka. Shuka kwanza." Kamio kwao ni lori. Nikashuka, baiskeli ikayumba, nikaishika. Honi ndefu, kishindo cha magunia, kisha lori likatupita likiwa na turubai la kijani na halikusimama. Nilimkuta mwenzangu amekaa mtaroni, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi, simu yake imesagika. Aliniuliza kama samaki wamemwagika.

Nilimfikisha kwenye kituo cha afya. Kisha nikarudi kuchukua baiskeli na mizigo, na niliporejea nikaambiwa ndugu zake wamekuja sokoni, wamesikia, wamemvusha daraja la mpakani kumpeleka kwa mtu wa kuunga mifupa. Wapi? Muuguzi hakujua. Tuliitana ndugu tu, na jina la kijiji chake sikuwahi kumuuliza. Niliuliza kila kitu cha dunia isipokuwa hicho, kwa sababu watu kama sisi tukitaja nyumbani ni kama tunaaga. Nilivuka mpaka Kasindi nikauliza sokoni. Waliniuliza anafananaje, nami nikasema mrefu kidogo, anaimba. Wakasema huko kwao kila mtu anaimba. Mbele zaidi ya hapo sina karatasi za kunipitisha, na njia hiyo hata wenyeji wanaiogopa.

Kilichobaki ni video ya siku ile, ambayo nilikuwa sijathubutu kuifungua. Niliwaonyesha wauza samaki Bwera, nikitumaini mmoja atamjua. Hakuna aliyemjua, lakini mmoja aliichukua kwenye simu yake, na mambo ya simu hayana mlango. Baada ya muda dereva wa lori lile akaja kwenye meza yetu ya samaki. Alikuwa mtu wa makamo, mkaazi wa Kasese, ameshika kofia kifuani kama aliyekuja msibani.

"Wewe ndiye mwenye simu ya kufungwa na mpira?"

"Ndiyo mimi."

"Futa ile kitu. Turubai langu linajulikana. Tajiri akiiona, mimi niko nje."

"Na mkono wa mwenzangu?"

"Nilipiga honi. Wewe ulitoka. Yeye alikataa. Nilimwona kwenye kioo amekaa, nikasema huyo ni mzima, ni kiburi tu."

"Umeiona video yenyewe?"

"Nimeambiwa."

"Basi kaa uangalie, mzee. Ukimaliza ndipo uniambie nifute."

Alikaa kwenye kreti. Nikaongeza sauti. Wimbo ukaja, kisha wimbo ukakatika, na yule mtu akageuka nyuma, akarudisha uso mbele, akaita. Dereva aliinamia kioo.

"Anamwita nani?"

"Mimi. Siwezi kuona nyuma. Hashuki mpaka mimi nimeshuka."

"Rudisha."

Nikarudisha. Aliangalia tena, kidole chake kikifuata pua ya lori ikikua nyuma ya mwenzangu.

"Miaka yote," alisema taratibu, "naona wa mbele anatoka, wa nyuma anabaki barabarani kama ng'ombe. Nasema huyu anataka kunijaribu. Ndipo namsogelea, atoke." Akanigeukia. "Kwa nini hamkutuambia?"

"Tungekuambia saa ngapi? Wewe ulisimama?"

Muuza samaki mmoja aliguna. Dereva alivuta kreti karibu nami. Aliuliza mtu huyo yuko wapi sasa, nikamweleza yote, na kwamba hii ndiyo sura yake pekee niliyo nayo. Nikiifuta nitaanza kusahau hata masikio yake yalivyokaa, na sitakuwa na cha kumwonyesha mtu yeyote.

Aligeuza kofia mikononi. "Mimi navuka kila juma. Beni, Butembo, najua wanakolala wote. Nitumie niulizie."

"Nitakukatia kipande cha wimbo. Lori lako halimo."

"Uso wake unaonekana hapo?"

Tuliangalia pamoja. Kwenye wimbo yuko mbali, jua liko nyuma yake, ni kivuli kinachokanyaga. Uso unaonekana sehemu moja tu, pale anaponyanyua kichwa na kutazama moja kwa moja kwenye simu, kuhakikisha nimeshuka, na turubai la kijani limejaa nyuma ya mabega yake.

Dereva alivuta pumzi. "Basi tuma yote."

Nikamtumia. Hakuniambia tena nifute.

Tangu hapo, samaki wakiisha, mimi huenda kusimama karibu na daraja malori yanapotoka upande wa pili. Nikimwona dereva huwa nasoma uso wake kabla hajafika. Safari moja mama muuza chai alimwambia wimbo huo anaujua, unaimbwa kanisani kwao, lakini mwimbaji hapana. Safari nyingine hakuwa na hata hilo. Juma lililopita alipunguza mwendo akashusha kioo, nami nikajua.

"Bado," alisema. "Ila wamenitukana sana huko. Kila ninapoonyesha, wanauliza dereva wa hiyo kamio ni mbwa gani."

"Nawe unawajibu nini?"

"Nawaambia ni mimi. Wakimaliza kutukana, nawauliza kama wanamjua."

Nilimpa samaki wa njiani, amefungwa kwenye gazeti. Akaenda. Nikabaki nikitazama ng'ambo ya mto, ambako vilima ni vya kijani kilekile cha huku na moshi wa jioni unapanda vilevile, nikichagua nyumba moja baada ya nyingine kwa macho na kumweka mwenzangu mlangoni.