Mabehewa ya Teodori wa Reli

Sumbawanga treni haifiki, na hilo ndilo lililomfaa Teodori. Mtu akitaka kudanganya kuhusu samaki asiende kudanganyia Kasanga, kwa wavuvi. Lakini akitaka kudanganya kuhusu treni, Malangali, mtaani kwao hapo Sumbawanga, ni mahali pazuri kabisa.

Enzi za ujana wake alikaa Mpanda miezi minne, akibeba magunia ya mahindi stesheni, mgongo ukachubuka, akarudi nyumbani. Alipoulizwa alikokuwa, akajibu, "Reli." Watu ndio walioongeza: mara fundi wa mabehewa, mara msimamizi. Naye hakukanusha. Akaoa akiitwa Teodori wa Reli, akazaa, akazeeka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imefika miaka thelathini na mmoja.

Ili jina lisichuje, akaanza kukusanya mabehewa madogo ya kuchezea. La kwanza alilipata kwenye mitumba, la plastiki, halina magurudumu. Akalikata mlango, akalitia bawaba za bati, akalipaka rangi upya. Yakafuata mengine. La mafuta alilitengeneza kwa kopo la maziwa, la ng'ombe akalitoboa vidirisha, na la mahindi akalijaza ulezi, maana punje ya mahindi ilikuwa kubwa mno humo. Sasa yamefika ishirini na sita, yamefungana kwa ndoano za waya, mengine ameyaandika TRC, mengine TAZARA, kwa herufi ndogo alizozichora kwa ncha ya sindano. Kazi nzuri, tusimnyime haki yake.

Mwaka huu Herieth, kitinda mimba wake, akapata mchumba wa Tunduma. Baba wa kijana, Mzee Cleophas, alikuwa fundi wa mabehewa TAZARA miaka thelathini. Teodori aliposikia hivyo aliyasukuma mabehewa chini ya kitanda. Siku wageni walipokuja kujitambulisha, alikuta mkewe Gaudiosa ameshayafuta vumbi mabehewa na kuyapanga mezani, mbele yao kabisa.

Cleophas aliyainamia, akafungua mlango mmoja kwa kidole, akaufunga.

"Kazi safi, mzee mwenzangu." Kisha akasita. "Ila haya ya TAZARA na haya ya TRC, ya reli ya Mpanda, umeyafunga pamoja? Reli zake si hazilingani upana? Pale Kidatu mzigo unashushwa huku, unapakiwa kule."

Teodori hakulijua hilo. Akazishika ndoano za waya kama anayezikagua. Cleophas alimtazama mara moja tu, akaelewa.

"Au nimesahau mimi," akasema taratibu. "Uzee huu, jamani."

Leonsi, kaka yake Gaudiosa, akaangua kicheko. "Miaka thelathini reli, mzee, halafu unasahau? Leo umekutana na fundi mwenyewe!"

Sebule nzima ikacheka. Herieth, chupa ya chai mkononi, akaziba mdomo kwa khanga. Teodori naye akacheka. Alicheka, Mungu amsamehe, huku akimwona yule mzee akitabasamu kwa unyenyekevu, mikono magotini, mtu aliyelala chini ya mabehewa miaka thelathini akichekwa kwa ajili ya mbeba magunia wa miezi minne. Uongo wake ulikuwa haujawahi kumwaibisha mtu mwingine mbele ya macho yake. Akaacha kucheka, akamgeukia shemeji yake.

"Leonsi, nyamaza," alisema. "Mzee hajasahau kitu. Mimi sijawahi kuwa fundi wa reli. Nilibeba magunia stesheni Mpanda. Miezi minne, basi."

Gaudiosa alitazama sakafu. Cleophas akaufungua tena ule mlango mdogo wa behewa, akaufunga.

Herieth akaweka chupa chini, akaanza kukusanya vikombe haraka haraka, hata cha baba mkwe wake kilichokuwa bado kimejaa, akapita mbele ya baba yake bila kumwangalia.