Kadi Niliyoihamisha Kabla ya Wakati

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumatano moja ofisini kwetu Ukunda. Siku hiyo niliiburuta kadi moja kwenye kompyuta, nikaitoa safu ya "Inaendelea" na kuitia safu ya "Imekwisha", hali nikijua kazi yenyewe haikuwa imekwisha.

Tulikuwa watu wanne, tukitengeneza mfumo wa kuwatumia akina mama wajawazito ujumbe wa simu ili kuwakumbusha siku ya kliniki ya kuzunguka vijijini. Kazi zetu tulizipanga kwenye ubao wa mtandaoni, kama mnavyofanya ninyi leo: kila kazi na kadi yake, na kila kadi na jina la mwenyewe. Kiongozi nilikuwa mimi, binti wa Msambweni niliyesomeshwa kwa taabu. Nilikuwa kijana, na sifa nilizipenda, Mungu anisamehe.

Wafadhili walikuwa waje Alhamisi asubuhi. Nilitaka waukute ubao umesafishika. Kadi moja tu ndiyo iliyokuwa imebaki, ya Otieno, kijana wa bara, mpole, asiyependa maneno mengi. Alikuwa ameandika chini ya kadi ile: "Kule Vanga wengine wanatumia laini za simu za Tanzania, ng'ambo ya mpaka. Mfumo unaziruka namba zao bila kutuambia. Tusifunge." Maneno hayo yalikaa pale siku tatu. Niliyaona, nikajiambia nitayashughulikia wageni wakishaondoka.

"Madam, hii kitu bado," Otieno aliniambia alipoona nimeihamisha.

"Otieno, namba zenyewe ni chache," nikamjibu. "Usinitie aibu mbele ya wageni."

Akarudi mezani pake. Wageni wakaja, wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hakuna aliyefungua. Mfumo ukaanza kutumika, na shughuli nyingine zikanisahaulisha.

Baada ya wiki chache, siku ya kliniki ya Vanga ikabadilishwa kutoka Alhamisi kuwa Jumanne. Ujumbe ukatumwa kwa akina mama wote, ila wale wa laini za ng'ambo. Mmoja wao aliitwa Mwanajuma, mimba yake ya kwanza. Alifika Alhamisi, akakuta mlango wa jengo la kliniki umefungwa, akaketi barazani kichwa kikimgonga na miguu imemvimba. Bahati yake, Bi Tima alipita. Huyo alikuwa mkunga mstaafu, na macho yake hayakustaafu. Alimtazama mara moja tu, akajua ni presha ya mimba, akatafuta gari, na wakaipiga barabara ile mbovu hadi hospitali Msambweni. Alhamdulillahi, mama akapona, na mtoto wa kike akazaliwa mzima.

Siku ya tatu yake, Bi Tima akaingia ofisini kwetu kuuliza kwa nini Mwanajuma hakupata ujumbe.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mna ubao unaoonyesha kazi zenu. Nionyesheni."

Nikamfungulia. Akavaa miwani, akainama, akasoma kadi moja moja kwa sauti, taratibu, kama mtu asomaye barua ya msiba. Alipofika ile ya Otieno akaisoma hadi chini, na maneno ya onyo akayasoma mara mbili.

"Nani aliyeandika hapa kuwa imekwisha?"

Otieno alikuwa kaketi nyuma yangu, na angeweza kusema. Aliniachia nijitaje mwenyewe.

"Ni mimi, Bi."

Hakunipigia kelele. Alivua miwani, akaniambia, "Mimi nimezalisha miaka mingi. Sijapata kusema kazi imekwisha kwa kuwa watu wamechoka kungoja barazani. Nasema imekwisha nikishamsikia mtoto akilia na kumwona mama yake ametulia. Wewe ulimsikia nani?"

Nikalia, hata sikujificha. Kisha, mbele yake, nikairudisha kadi ile ilikotoka, nikamwomba Otieno radhi kwa jina lake, na nikawapigia simu wafadhili kuwaeleza kila kitu. Nilidhani nitafukuzwa. Mama mmoja kati yao akasema, "Heri umetuambia wewe mwenyewe. Mnahitaji siku ngapi?" Mficha uchi hazai, mwanangu, kumbe hata kazi ya kompyuta ni hivyo.

Otieno akaitengeneza. Tukaenda naye Vanga na simu mbili za kabambe, zile ndogo za vibonye, moja ya laini ya ng'ambo, tukasimama uwanjani kwa Mwanajuma na kungoja. Iliposhtuka ile ya ng'ambo kwa ujumbe wetu, Otieno alipiga ukelele hata mtoto akaamka! Mwanajuma akacheka, akatuletea uji. Tangu hapo tukaongeza safu moja kabla ya "Imekwisha". Tuliiita "Imemfikia mwenyewe", na kadi haikupita hapo mpaka mmoja wetu awe amekwenda kuona.

Basi nawe uliyepewa kikosi cha kuongoza, sikiliza. Ubao ni mzuri, utumie, lakini usiupake rangi. Soma maneno ya chini ya kadi, hasa ya yule asiyependa kusema. Anayekwambia "bado" hakupingi, anakukinga. Ukikosea, rudisha kadi hadharani kama ulivyoihamisha hadharani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi nilivunjika, na wakanifundisha kufua upya.

Mola akujaalie wenzako wa kukwambia kweli, na moyo mpana wa kuipokea. Kila ukitendacho kimfikie uliyemkusudia, kimkute salama, nawe uwe salama. Amina.